Kusoma bede ya njozi isiyofuata kanuni: mwongozo kamili wa mchoro, mpangilio na maneno

Lubumbashi, anayesoma bede (hadithi ya kuchora, BD kwa Kifaransa) ya njozi kwenye intaneti mara nyingi anaisoma kwenye simu: ndani ya basi la kwenda Katuba au Ruashi, au usiku umeme umekatika, kidole kikikimbia kutoka kiputo hadi kiputo, yaani vile viduara vyenye maneno ya wahusika, kutafuta nani kashinda vita. Kwa hadithi iliyochorwa kwa kanuni zilizozoeleka, usomaji huo unatosha. Lakini kuna bede ambazo mchoraji amezivunja kanuni hizo makusudi. Shujaa ni vijiti vitupu. Joka halina mabawa wala moto. Visanduku vya picha vimepandana hadi hujui uanze na kipi, na mfalme anaongea kama kijana wa sokoni. Msomaji wa haraka anaona kasoro, anafunga, anaenda zake. Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kubaki.

Kanuni moja inabeba hatua zote zinazofuata. Kabla ya kusema kitu kimekosewa, kibadilishe kichwani mwako kwa kile ulichotarajia kukiona, kisha uangalie ni nini kinapotea. Kama kuna kinachopotea, lile jambo geni lilikuwa na kazi. Kama hakuna, una haki ya kusema mchoraji ameteleza, na utaweza kuonyesha ameteleza wapi.

Kuandaa simu na vifaa

Watu wengi huilaumu bede kwa kosa la simu. Zima kwanza hali ya kubana data kwenye kivinjari: inapunguza ubora wa picha, mistari myembamba inakuwa na ukungu, na herufi ndogo zinaungana. Ukurasa mmoja wa bede huwa na uzito wa kati ya kilobaiti 300 na megabaiti 2, kwa hiyo kurasa 20 zinaweza kula mega 6 hadi 40. Ni afadhali kusoma kurasa 10 zikiwa safi kuliko 40 zilizobanwa. Zima pia mwanga wa usiku unaogeuza skrini kuwa ya manjano, pamoja na hali ya giza inayogeuza rangi za tovuti. Mchoraji aliyetumia wiki nzima kutofautisha buluu ya mwezi na buluu ya uchawi atakuwa amefanya kazi bure ikiwa skrini yako inazionyesha zote mbili kama kahawia.

Angalia kisha umbo la bede yenyewe. Kuna iliyochorwa kama ukurasa wa kitabu, na kuna ya kushuka, ambayo ni ukanda mrefu unaosogezwa kwa kidole gumba. Ya kushuka imetengenezwa kwa ajili ya simu, kwa kawaida kwa upana wa pikseli 800 hivi, na isome hivyo hivyo. Ya ukurasa ina shida kwenye simu. Skrini ya inchi 6.5 ina upana wa sentimita 7 hivi, wakati ukurasa huohuo kwenye kompyuta unaweza kufika sentimita 20 na zaidi. Ilaze simu upande, au chagua mwonekano wa kompyuta kwenye kivinjari. Mwonekano huo una faida nyingine: baadhi ya wachoraji huchora hata kwenye pambizo za tovuti, moto ukatoka nje ya ukurasa na kuunguza kingo za skrini, na mwonekano wa simu unaweza kuyakata hayo yote. Bonyeza pia picha na uishike kwa sekunde mbili, kwa sababu baadhi ya bede huficha sentensi ya ziada hapo.

Vifaa vya mkononi ni vichache: karatasi za A4, penseli moja ya HB, rula, na kipande cha karatasi nzito chenye ukubwa wa simu yako. Kipande hicho cha kufunikia ndicho utakachokitumia kuliko vyote.

Mara ya kwanza, soma tu

Soma kurasa 20 mfululizo bila kuandika chochote. Usitafute maana ya majina ya ajabu ya falme na miungu, na usirudi nyuma. Ukichanganyikiwa mahali, piga picha ya skrini na uendelee. Mwishoni utakuwa na picha tano au sita za skrini, na hizo ndizo utakazofanyia kazi. Mahali ulipochanganyikiwa ndipo mchoraji alipofanya jambo lisilo la kawaida, au ndipo alipokosea. Kwa mbali vinafanana.

Hakikisha umeanzia mwanzo. Tovuti nyingi hufungua ukurasa mpya kabisa, na asiyejua hujikuta katikati ya vita vilivyoanza miaka minane iliyopita. Tafuta kitufe cha ukurasa wa kwanza au orodha ya sura.

Mchoro: anza na mstari, uso uje baadaye

Jicho hukimbilia nyuso, nazo nyuso hulipeleka kwenye hadithi. Ili kuona mchoro wenyewe, igeuze picha ya skrini juu chini. Sasa hakuna uso wala hadithi. Kuna mistari na madoa.

Uliza mambo matatu. Mstari ni mnene sawa mahali pote, au unanenepa na kukonda? Unafunga umbo kabisa, au unaacha matundu? Kivuli kimetengenezwa kwa nini: kwa rangi, kwa weusi mtupu, au kwa mistari midogo iliyolala pamoja? Majibu yake yatakuambia mchoraji anataka nini. Mstari mnene sawa, uliofunga kila umbo, huufanya ulimwengu uwe wazi na mwepesi kusomeka. Unafaa hadithi yenye watu wengi na vichekesho. Mstari unaokatika huacha hewa na mashaka, na ndiyo maana mizimu na kumbukumbu huchorwa hivyo mara nyingi.

Mkazi wa Lubumbashi ana urithi wa kumsaidia hapa. Mwaka 1946, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Hangar, na wachoraji watatu waliotoka humo wanatosha kufundisha jicho. Pilipili Mulongoy alijaza ndege, samaki na mimea, na hata nafasi ya nyuma hakuiacha ilale. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole badala ya brashi, na alama za vidole zikawa ndiyo ngozi ya picha. Mwenze Kibwanga alijenga wanyama na watu kwa mistari mifupi iliyopangwa sambamba. Tafuta picha zao, ziweke kando ya bede yako, na uulize mchoraji wako yuko karibu na nani. Bede inayojaza kila sentimita kwa majani na magamba haina maana kwamba mchoraji hajui kuacha nafasi. Pengine anataka msitu ukubane kifuani kama unavyombana mhusika.

Ikiwa wahusika wamechorwa kwa urahisi mno, fanya jaribio la nyusi. Chora duara tano zenye kipenyo cha sentimita 3, kila moja na nukta mbili za macho, kisha badilisha nyusi peke yake: zimelala, zimeinuka ndani, zimeinuka nje, moja juu na moja chini, na hakuna kabisa. Umepata nyuso tano. Bede maarufu The Order of the Stick ya Mmarekani Rich Burlew, iliyoanza mwaka 2003, ina watu wenye vichwa vya duara na mikono ya mstari mmoja, na imebeba hadithi ya kurasa zaidi ya 1,000. Uchache wa mistari unamlazimisha mchoraji aweke hisia kwenye mkao wa mwili na kwenye umbali kati ya mtu na mtu. Angalia huko. Pima nani anasimama karibu na nani, nani ameinamisha bega. Kama mikao yote ni ileile ukurasa baada ya ukurasa, basi huo si uchache wenye nia, ni uvivu, na hakuna sababu ya kuutetea.

Viumbe vya ajabu vina jaribio lao. Kiangalie kiumbe na utaje wanyama halisi waliochanganywa ndani yake. Fuata mguu mmoja kutoka paja hadi ukucha: viungo vinakunjika upande gani, na uzito unakaa wapi? Kiumbe kilichofikiriwa vizuri kinaweza kukaa, kulala na kula, nawe unaona jinsi gani. Halafu angalia milango, ngazi na vikombe. Kama majitu ya mita nne yanaishi mjini na milango yote ni ya mita mbili, ama mchoraji amesahau, ama anakuambia kimyakimya kwamba mji huo haukujengwa kwa ajili yao. Soma kurasa tano zaidi kabla ya kuamua ni lipi.

Tunalisisitiza hili kwa sababu njozi ni kazi ya kuaminisha. Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki aliyechorwa na wachoraji wengi wa Katanga kwa ajili ya sebule za watu, haaminiki kwa sababu ya mkia. Anaaminika kwa sababu ya vitu vya kawaida vinavyomzunguka: maji, nyoka, mapambo mwilini. Katika bede yako, tafuta kila mara kile kitu cha kawaida kilichowekwa karibu na cha ajabu. Bila hicho, cha ajabu kinaelea.

Rangi

Geuza picha moja ya skrini iwe nyeusi na nyeupe kwa kihariri cha picha cha simu. Ikiwa bado unajua nani yuko mbele, nani yuko nyuma na jicho liende wapi kwanza, mwanga na giza vimepangwa vizuri na rangi ni nyongeza. Ikiwa vyote vimekuwa kijivu kimoja, mchoraji ametegemea rangi peke yake, na ukurasa huo utamchosha anayeusoma juani.

Baada ya hapo orodhesha rangi kuu mbili za kila mahali: kasri, msitu, mjini, ndotoni. Bede nzuri za njozi hutunza rangi fulani kwa ajili ya uchawi na hazitumii rangi hiyo kwenye nguo wala maua. Ukiigundua, utaona mambo kabla ya wahusika. Siku rangi ya uchawi itakapotokea kwenye macho ya mtoto asiyejulikana, utajua.

Mpangilio wa ukurasa

Hapa ndipo bede zisizo za kawaida zinapofanya kazi yao kubwa, na ndipo wasomaji wengi hawaangalii kabisa.

Chora kwenye A4 mistatili kumi, kila mmoja sentimita 4 kwa 6. Inaingia yote kwa safu mbili za mistatili mitano ukiulaza ukurasa. Ndani ya kila mmoja, nakili mipaka ya visanduku vya ukurasa mmoja wa bede, kurasa kumi zinazofuatana. Usichore watu, usiandike maneno. Kazi hii huchukua kama nusu saa. Ukimaliza, weka karatasi mbali kidogo uitazame yote kwa pamoja.

Utaona mapigo. Labda kurasa saba zina visanduku sita vilivyo sawa, wa nane una kimoja tu, wa tisa una kumi na viwili vidogo. Ule wenye kimoja ni sauti kubwa, na umekuwa mkubwa kwa sababu saba zilizotangulia zilikuwa tulivu. Ule wenye kumi na viwili ni pumzi fupifupi: kukimbizwa, hofu, au mawazo yanayogongana. Ikiwa kila ukurasa una maumbo ya ajabu, visanduku vya pembetatu na vilivyopinda, bila hata mmoja mtulivu, ajabu inapoteza nguvu. Hilo ni kosa la kawaida la wachoraji vijana wenye kipaji.

Sasa chukua ukurasa uliokuchanganya na uandike namba juu ya visanduku kwa mpangilio uliousoma. Mwombe mwenzako afanye vilevile bila kuona namba zako. Zikilingana, mpangilio unafanya kazi hata kama ni mgeni. Zikitofautiana, tazama viputo: mchoraji mzuri huvipanga viwe njia, mwisho wa kimoja ukielekeza jicho kwenye kinachofuata, hata kama visanduku vyenyewe vimepandana. Tazama pia mtu anaelekeza macho wapi, mkuki umelala upande gani. Mara nyingi njia ipo na uliipita kwa haraka. Wachache huacha njia mbili makusudi, ukurasa usomeke kwa kwenda kando au kwa kushuka chini na maana zikawa mbili. Zisome zote mbili. Na ukumbuke kwamba bede nyingi zilizotafsiriwa kutoka Kijapani husomwa kutoka kulia. Macho yaliyozoea bede za Kibelgiji yatazisoma kinyume na kuona majibu yakitangulia maswali.

Nafasi nyeupe kati ya kisanduku na kisanduku inahitaji uangalifu wake. Msomaji ndiye anayejaza kinachotokea humo. Mwaka 1993 Mmarekani Scott McCloud alizigawa hatua hizi katika aina sita: kutoka kitambo kifupi hadi kitambo kifupi, kutoka tendo hadi tendo, kutoka mtu hadi mtu ndani ya tukio moja, kutoka mahali au wakati hadi mwingine, kutoka upande mmoja wa hali hadi upande mwingine, na ile isiyo na uhusiano wowote wa wazi. Pitia kurasa zako kumi na uandike namba 1 hadi 6 kwenye kila nafasi. Bede za mapigano hujaa namba 2. Ukikuta namba 5 nyingi, yaani dirisha, kisha mvua kwenye sufuria, kisha mkono uliolala, bede hiyo haina haraka. Inataka ukae mahali pale kwanza. Kulalamika kwamba hakuna kinachotokea ni kuisoma kwa saa isiyo yake. Namba 6 ni adimu. Kila unapoiona, irudie baada ya sura nzima kusomwa, kwa maana huenda ilikuwa ni utabiri.

Umbo la kisanduku nalo linaweza kueleza. Winsor McCay, kwenye gazeti la New York kuanzia 1905, alivirefusha visanduku kadiri vitu vya ndotoni vilivyokuwa vikirefuka. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado msomaji wa leo akiona hivyo hudhani ni uvumbuzi wa kompyuta. Ukikuta kisanduku kirefu na chembamba, uliza nini kinaanguka, kinapanda au kinabanwa. Kisichokuwa na mpaka, uliza kama ni ndoto, kumbukumbu, au mahali pasipo na mwisho. Mguu ukitoka nje ya mpaka, mchoraji anamleta huyo mtu karibu nawe.

Kwa bede ya kushuka, vipimo ni vingine. Hapa hauoni ukurasa mzima. Unaona kisanduku kimoja na nusu ya kinachofuata, na nafasi tupu ndiyo saa. Hesabu misogezo ya kidole gumba kati ya kisanduku na kisanduku. Kwenye mazungumzo huwa nusu msogezo au mmoja. Ukikuta misogezo mitatu ya weusi mtupu, ni kimya kizito, au mtu anaanguka, au amezimia. Isogeze taratibu kwa mwendo uleule uliokuwa nao. Ukirusha kidole kwa nguvu, umeruka dakika nzima ya hadithi bila kujua. Tazama pia wapi rangi ya nyuma inabadilika polepole kutoka nyeupe hadi nyekundu au nyeusi, maana hapo ndipo hali ya moyo inapobadilika, kabla ya neno lolote kusemwa.

Ya ukurasa ina shida iliyo kinyume. Jicho linaona kisanduku cha mwisho kabla ya cha kwanza kusomwa, kwa hiyo mchoraji mwenye akili huificha siri kwenye ukurasa unaofuata. Kipande chako cha karatasi nzito kinafaa hapa: funika nusu ya chini ya ukurasa, soma ya juu, kisha funua.

Maneno ndani ya viputo

Anza kwa kufunika maneno. Weka kipande cha karatasi juu ya viputo, au vipake rangi kwenye picha ya skrini, na ujaribu kueleza tukio kwa mchoro tu. Halafu fanya kinyume: yasome maneno peke yake. Maneno yanayosema kilekile kinachoonekana, kama mtu aliyeshika upanga akisema “nimeshika upanga”, hayana kazi. Furaha iko pale yanapotofautiana. Mama anasema hana njaa, mkono wake umeshika sahani tupu ya mwanawe. Tunaamini hicho ndicho kipimo kikubwa kuliko vyote cha bede, ya njozi au isiyo ya njozi.

Hesabu maneno. Kiputo chenye maneno zaidi ya 30 huanza kulemea, na ukurasa wenye zaidi ya 200 unahitaji sababu. Baadhi ya bede zisizo za kawaida hujaza maneno makusudi kwa mhusika mmoja: mchawi msomi asiyejua kunyamaza, viputo vyake vinamfunika hata rafiki anayesimama nyuma. Hapo wingi ni tabia yake. Lakini mhusika anapomweleza ndugu yake historia ya ufalme ambayo wote wawili wameikulia, mwandishi anaongea nawe kwa mdomo wa mtu mwingine. Weka alama. Zikizidi tatu kwenye sura moja, mwandishi hajaiamini michoro yake.

Kiputo chenyewe ni sauti. Ukingo wa miiba ni kelele, ukingo wa nukta ni mnong’ono, herufi ndogo ndani ya kiputo kikubwa ni woga au aibu. Mkia uliokosekana una maana kwamba sauti haina mwili, na katika njozi jambo hilo linaweza kuwa kiini cha hadithi nzima. Miungu, mizimu na majoka mara nyingi hupewa rangi au mwandiko wao. Andika orodha ya nani ana kiputo cha namna gani. Siku mhusika wa kawaida atakapoongea kwa kiputo cha mzimu, wewe utakuwa umeshamjua.

Maneno ya kubuni, majina ya vyeo, viapo na sala za ulimwengu ule, usiyatafutie maana mara moja. Yaandike pembeni na namba ya ukurasa, kisha subiri kurasa 20. Neno lililotungwa vizuri hujieleza kwa matumizi, kama mtoto anavyojifunza la nyumbani. Lisipojieleza mpaka hapo na hadithi inalitegemea, ni upungufu.

Sasa jaribio la sauti. Nakili mistari kumi ya wahusika watatu bila majina, uichanganye, umpe mtu aliyesoma bede hiyo aseme nani kasema nini. Akipata saba, sauti zimetenganishwa. Akipata nne, wote wanaongea kwa mdomo mmoja wa mwandishi.

Kusoma kwa sauti, na kuhamishia kwenye Kiswahili

Bede nyingi hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, baadhi zina Kifaransa, na tafsiri ya kamera ya simu huziharibu vibaya. Inafunika mchoro kwa mabaka, na kila mhusika anatoka na sauti ileile ya tangazo. Itumie kujua maana, kisha uifunge.

Njia bora ni watu watatu au wanne, ukurasa mmoja, dakika 20. Mmoja anasoma maelezo ya pembeni, wengine wanagawana wahusika, na kila mtu anasema mstari wake kwa Kiswahili ambacho mtu huyo angeongea kama angezaliwa hapa. Lubumbashi ina utajiri wa pekee kwa kazi hii. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilicheza michezo yake kwa Kiswahili cha mji, redioni na kwenye televisheni, na wasikilizaji walimjua mzee, kijana na mkubwa wa kazi kwa namna walivyosema kabla hata ya kujua walichosema. Fanyeni hivyo. Mlinzi wa kasri anaweza kusema kwa Kiswahili sanifu: “Unatafuta nini hapa? Watu wote wamekwisha kuondoka.” Jini la jalalani litasema: “Weye uko natafuta nini huku? Bantu bote balisha kwenda.” Maana ni moja, watu ni wawili, na asiyeyaona haya kwenye bede asilia atayaona mara moja kwenye mdomo wa jirani yake. Mzee wa ukoo asiitwe kwa jina tupu, aitwe papa au baba mukubwa. Dada mkubwa wa shujaa ni yaya. Kikundi kikibishana kuhusu mhusika fulani ataitwaje, acheni mabishano yaendelee, kwa sababu hapo mnajadili cheo chake katika hadithi.

Mkitaka kuandika tafsiri ndani ya viputo kwa ajili ya mazoezi yenu, ukubwa wa kiputo ndio utakaowasumbua. Kiswahili hupenda neno moja refu lililobeba sentensi nzima, na “hatutakuruhusu” haliingii kwenye kiputo chembamba bila kukatwa. Msilikate katikati. Chagueni njia fupi, “huendi”, au punguzeni herufi kwa hatua moja tu, si zaidi, la sivyo kelele itasomeka kama mnong’ono. Pangeni mistari iwe mifupi juu na chini, mirefu katikati, ifuate umbo la kiputo, na acheni ukingo mweupe wenye upana wa herufi moja pande zote.

Maneno na picha kukaa pamoja si jambo geni mjini hapa. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya nchi katika miaka ya 1970, aliandika maneno ndani ya picha zake, na mahali alipoyaweka palibadilisha jinsi picha inavyosomeka. Kwenye bede yako jaribu kuhamisha kiputo kimoja kutoka juu kwenda chini ya kisanduku. Juu, neno linatangulia tendo. Chini, linakuwa jibu lake. Mara nyingi kichekesho chote kiko hapo.

Mwendo wa kusoma

Bede za intaneti nyingi hutoka ukurasa mmoja hadi mitatu kwa wiki, kwa miaka. Kila ukurasa ulitengenezwa uache swali au kicheko kwa siku kadhaa. Ukizimeza kurasa 300 kwa usiku mmoja, miisho hiyo itaonekana kama kurudiarudia, na utamlaumu mchoraji kwa mwendo ambao si wake. Soma sura moja kwa siku, kurasa 20 hadi 40, na usimame mwisho wa sura, si katikati.

Tarajia mkono ubadilike. Linganisha ukurasa wa 1, wa 100 na wa mwisho, uone mstari ulivyokua, nyuso zilivyopata mifupa, mandhari yalivyojaa. Kurasa za mwanzo dhaifu ni za kawaida hata kwenye kazi bora. Zipe bede za aina hii angalau sura mbili. Baada ya hapo, ikiwa majaribio ya hapo juu yanakuonyesha uvivu kila mahali, iache bila kuona haya.

Ukiamua kumwandikia mchoraji, taja namba ya ukurasa, kisanduku cha ngapi, na ulichokiona: “kwenye ukurasa wa 212, kisanduku cha nne, rangi ya uchawi iko kwenye kikombe cha malkia.” Sentensi moja kama hiyo ina faida kwake kuliko sifa kumi za jumla. Ukitaka kuwaonyesha wenzako, tuma kiungo cha ukurasa wenyewe, usitume picha iliyokatwa jina la mchoraji. Nakala za fotokopi mlizochapa kwa ajili ya kikundi zibaki kwenye kikundi, zisiuzwe. Bede inaposomwa bure, wengi wa wachoraji hawa huishi kwa michango ya wasomaji na kwa vitabu wanavyochapa wenyewe, na kila kiungo kilichotumwa sawasawa kinawaletea msomaji anayeweza kuchangia.